Namna ya kufuatilia kupungua kwa unene bila kutegemea mizani

Mizani hujibu swali moja tu: kwa dakika hii, mwili mzima, pamoja na maji, chakula kilichomo tumboni, mifupa, misuli na mafuta, una uzito gani. Anayejitahidi kupunguza unene kwa kawaida ana swali jingine, nalo ni kama mafuta yaliyozidi, hasa yale ya tumboni, yanapungua. Majibu ya maswali haya mawili hukaribiana mtu anapojifuatilia kwa miezi mingi, lakini katika siku na wiki chache huachana kiasi cha kumkatisha tamaa hata yule ambaye juhudi zake zinazaa matunda. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na mizani nyumbani, au aliye nayo lakini amechoka kutawaliwa na namba yake kila asubuhi. Msimamo wangu ni kwamba futikamba ya fundi cherehani, ikitumiwa kwa utaratibu uleule kila mara, inatosha kuwa kipimo kikuu. Vipimo vingine vitakavyoelezwa hapa vipo kwa ajili ya kuiunga mkono au kuitilia shaka.

Kwa nini namba ya mizani huyumba

Uzito wa mtu mzima unaweza kupanda au kushuka kwa kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache bila mafuta ya mwili kubadilika kwa kiasi cha maana. Mlo wenye chumvi nyingi hufanya mwili ushikilie maji. Wanawake wengi hujaa maji siku chache kabla ya hedhi. Akiba ya wanga nayo ina maji yake: mwili huihifadhi katika ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni hukaa pamoja na takribani gramu 3 za maji. Ndiyo sababu anayeacha ghafla ugali, wali na chapati huona kilo kadhaa zikiondoka katika wiki ya kwanza, akashangilia, kisha akaziona zikirejea mara anaporudia mlo wake wa kawaida, ilhali kilichoondoka na kurudi kwa sehemu kubwa ni maji.

Anayeanza mazoezi ya nguvu hukutana na tatizo la upande wa pili. Misuli ni mizito kuliko mafuta kwa ujazo uleule, kwani sentimita moja ya ujazo ya misuli ina takribani gramu 1.06 na ya mafuta takribani gramu 0.9. Kwa hiyo mtu anaweza kupoteza mafuta kidogo, kuongeza misuli kidogo, tumbo likapungua, na mizani ikaonyesha namba ileile ya mwezi uliopita.

Mizani zenyewe pia si za kuaminiwa zote. Zile za springi zinazouzwa kwa bei nafuu hubadilisha jibu zikiwekwa juu ya zulia, mkeka au sakafu isiyo sawa. Vijana wanaopima watu uzito barabarani na kwenye stendi za mabasi wanatoa huduma yenye manufaa, lakini kulinganisha mizani ya Kariakoo uliyopanda mwezi uliopita ukiwa na njaa na ile ya Ubungo uliyopanda leo baada ya chakula cha mchana, ukiwa na viatu vizito na simu mbili mfukoni, si kufuatilia chochote.

Futikamba na mahali pa kuipitisha

Nunua futikamba yako mwenyewe na usiibadilishe. Ile ya mafundi cherehani kwa kawaida ina urefu wa sentimita 150, na upande wa pili inchi 60. Upande wowote unafaa mradi usichanganye. Futikamba iliyotumika miaka mingi huvutika, hivyo iliyochakaa ilinganishe na rula ya mwanafunzi kabla ya kuiamini. Ikiwa haitoshi kukuzunguka, tumia kamba isiyovutika, uitie alama, kisha uipime kamba hiyo juu ya meza.

Kosa linaloharibu vipimo vingi ni kupima mahali tofauti kila mara. Wengi wanaposema kiuno humaanisha pale suruali inapokaa au pale khanga inapofungwa, na mahali hapo hushuka kadiri tumbo linavyokua. Mwanamume mwenye kitambi anaweza kuvaa suruali ya inchi 34 chini ya tumbo kwa miaka kumi na kuamini kwamba hajanenepa, ilhali mzunguko wa tumbo lake, ukipimwa juu ya mkanda, umevuka inchi 42. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani huepuka mtego huo kwa kufuata mifupa badala ya nguo. Simama wima, kisha ubonyeze ubavuni kwa vidole, moja kwa moja chini ya kwapa, mpaka uupate ubavu wa mwisho. Teremka polepole mpaka uguse ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Katikati ya alama hizo mbili ndipo futikamba inapopita. Kwa watu wengi mstari huo hupita karibu na kitovu, lakini kitovu chenyewe si alama ya kutegemewa, kwa kuwa kwenye tumbo kubwa huteremka.

Pima juu ya ngozi tupu, miguu ikiwa imekaribiana na mikono ikining'inia pembeni. Hakikisha futikamba iko sambamba na sakafu pande zote, jambo ambalo ukiwa peke yako linahitaji kioo, kwa sababu mgongoni ndiko inakopinda bila mtu kujua. Ivute mpaka iguse ngozi bila kuibana. Pumua kama kawaida na usome namba mwishoni mwa kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Anayevuta tumbo hujipunguzia sentimita kadhaa leo, na zitarudi zote siku atakaposahau kulivuta. Rudia kipimo mara ya pili. Tofauti ikiwa haizidi sentimita 1, chukua wastani wa namba hizo mbili. Ikizidi, futa zote mbili na uanze upya.

Wakati unaofaa ni asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chai, kila baada ya wiki mbili. Kupima kila siku ni kuihamishia kwenye futikamba hofu ileile iliyokuwa kwenye mizani, na utumbo wenye gesi au mlo wa maharage wa jana utakufanya ukate tamaa bila sababu. Mwanamke anayepata hedhi atasomeka vizuri zaidi akilinganisha kipimo cha siku chache baada ya hedhi mwezi huu na cha siku zilezile mwezi uliopita, badala ya kulinganisha wiki ya kujaa maji na wiki isiyo na maji.

Kiuno kikishakuwa na utaratibu wake, unaweza kuongeza sehemu tatu: makalio pale yanapojaa zaidi, paja katikati ya kinena na goti, na mkono wa juu katikati ya ncha ya bega na kiwiko. Wengi hupima sehemu kumi kwa shauku ya mwanzo na kuacha zote baada ya mwezi, kwa hiyo tatu zinatosha. Thamani ya paja na mkono ni kutoa tahadhari. Vikisinyaa haraka kuliko kiuno, huenda kinachopotea ni misuli, na sababu ya kawaida ni kujinyima chakula kupita kiasi, kukosa protini ya kutosha au kutofanya mazoezi yoyote ya nguvu. Mizani ingeyaita hayo mafanikio.

Kiasi gani ni kingi mno

Kwa Shirika la Afya Duniani, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huongezeka kiuno cha mwanamume kinapozidi sentimita 94 na cha mwanamke kinapozidi 80, na huwa kubwa zaidi kinapozidi 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke. Mipaka hiyo ilitokana na takwimu za Wazungu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliielekeza itumike pia kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara mpaka takwimu zao wenyewe zitakapopatikana, na kwa wanaume wenye asili ya Asia Kusini likaweka mpaka wa chini zaidi, sentimita 90. Sababu ya kiuno kupewa uzito wote huo ni kwamba mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, yana madhara makubwa kuliko yale yaliyolala chini ya ngozi ya mapaja na makalio. Mtu mwenye makalio mapana na kiuno chembamba hana sababu ya kuogopeshwa na mizani kama mwenye miguu myembamba na kitambi.

Njia rahisi zaidi haihitaji hata namba. Mwaka 2022 NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba nchini Uingereza, iliwashauri watu wazima wahakikishe kwamba kiuno hakifiki nusu ya urefu wao. Kikifika asilimia 60 ya urefu, hatari huhesabiwa kuwa kubwa. Chukua kamba isiyovutika, mtu akusaidie kuikata iwe sawa na urefu wako kuanzia kisigino hadi utosini bila viatu, kisha uikunje katikati na ujizungushie pale penye alama za mifupa. Ncha zikikutana na kupishana, uko ndani ya mpaka. Zisipokutana, pengo lililobaki ndiyo kazi iliyo mbele yako, na kila mwezi unaweza kulipima pengo hilo kwa vidole na kuandika kwamba lilikuwa la vidole sita na sasa ni la vinne. Kamba hii ni zawadi kwa mzee asiyesoma namba, na naiona bora kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Usiitengeneze kwa uzi wa sufu, lastiki au utepe unaovutika.

Nguo zinazoweza kutoa ushahidi

Kila mtu anajua kwamba nguo huonyesha mabadiliko, lakini si kila nguo inafaa kuwa shahidi. Dera, kanzu na baibui zimeshonwa ili zisimguse mvaaji, kwa hiyo hazina la kusema. Suruali ya lastiki na jinzi inayovutika zinafuata mwili unakokwenda, na hilo ndilo hasa linalozifanya zifiche mabadiliko. Nguo unayoihitaji ni ya kitambaa kigumu, yenye zipu au vifungo: suruali ya ofisini, sketi ya sare, gauni la kitenge lililoshonwa na fundi kwa vipimo vyako vya zamani. Teua moja tu, inayokubana kidogo, na uitenge. Usiivae kwa shughuli nyingine, kwa kuwa kufuliwa na kuvaliwa mara kwa mara huilegeza, na kitambaa kipya cha pamba husinyaa kinapofuliwa mara za kwanza. Usichague ya umri wa miaka kumi na minane, kwa sababu nguo ambayo haipiti hata magotini haitakuambia chochote kwa mwaka mzima.

Ijaribu mara moja kwa mwezi na uandike ulichoona kwa maneno mahususi. Yafuatayo ni madaraja ninayoyapendekeza kwa nguo yenye zipu: haifungi, inafunga nikilala chali, inafunga nikiwa nimesimama lakini siwezi kukaa, ninakaa nayo, ninakaa nayo na kula mlo kamili. Kutoka daraja moja hadi jingine ni mabadiliko ya kweli, na ni vigumu kuyabishia.

Mkanda wa suruali nao unaweza kusomwa, kwa kuwa matundu yake mara nyingi yameachana kwa karibu inchi moja, ila ngozi huvutika na pale mkanda unapokaa ni chini ya tumbo, kasoro ileile iliyotajwa juu. Wenye kushona nguo kwa fundi mmoja wana hazina nyingine ambayo hawaikumbuki: daftari lake. Humo kuna kifua, kiuno na makalio yao ya mwaka jana. Mwombe akupime tena na ulinganishe kipimo chake na kipimo chake cha nyuma, si na cha kwako cha nyumbani, kwani yeye hupima juu ya nguo na wakati mwingine huongeza nafasi ya kupumulia. Pete ya kidoleni usiihesabu. Vidole huvimba kwa joto na kusinyaa kwa baridi siku hiyohiyo.

Picha

Picha naziweka chini ya futikamba na nguo, kwa sababu mwanga na mkao vinaweza kumnenepesha au kumkondesha mtu ndani ya dakika moja. Hata hivyo zina faida moja ambayo vipimo vingine hawana namna ya kuitoa: zinaonyesha mgongo, kidevu na mkao, mambo ambayo anayejiona kwenye kioo kila siku hayatambui yanapobadilika. Piga mara moja kwa mwezi, si zaidi, ukisimama mbele ya ukuta uleule na kwa mwanga uleule, ukiwa na nguo zilezile za kubana. Simu iweke juu ya stuli au rafu, usawa wa tumbo, umbali wa mita mbili hadi tatu, na utumie kihesabu muda ili usiishike mkononi. Simu inayoshikwa juu ya kichwa na kuelekezwa chini hufupisha miguu na kupunguza tumbo. Piga ya mbele, ya pembeni na ya nyuma. Ya pembeni ndiyo yenye maneno.

Hifadhi picha hizo kwa tahadhari. Simu nyingi hupeleka picha zote kwenye hifadhi ya intaneti bila kuuliza tena, watoto huchezea simu za wazazi, na simu ikiharibika hukabidhiwa fundi pamoja na vyote vilivyomo. Usionyeshe uso, na uziweke kwenye faili lenye nywila. Kama kuziangalia kunakuumiza moyo kuliko kukusaidia, ziache kabisa. Hutakuwa umepoteza kipimo cha lazima.

Pumzi, miguu na damu

Chagua njia moja ya kutembea, tambarare kadiri inavyowezekana, ya dakika ishirini hivi, kwa mfano kutoka nyumbani hadi sokoni. Kila baada ya wiki mbili itembee kwa mwendo wa haraka, wakati wa baridi ya asubuhi, uandike dakika ulizotumia na kama uliweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ngazi za ghorofa zinafaa pia. Kwa wenye kukimbia na vikundi vya jogging siku za Jumamosi na Jumapili, ushauri wangu ni kwamba kipimo kifanyike siku nyingine, peke yako, kwa sababu kundi na nyimbo zake humbeba mtu kuliko uwezo wake.

Kwa nguvu ya miguu, weka kiti imara kisicho na magurudumu ukutani, kunja mikono kifuani, na uhesabu ni mara ngapi unasimama kikamilifu na kukaa katika sekunde 30. Mapigo ya moyo yahesabu unapoamka, kabla ya kutoka kitandani, kwa kushika kifundo cha mkono kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili; kwa mtu mzima aliyetulia kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika, na huelekea kushuka kadiri mazoezi yanavyomkubali. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu katika lolote kati ya haya, acha na umwone daktari. Ieleweke kwamba vipimo hivi huboreka hata pale mafuta yasipopungua, kwa hiyo havithibitishi kukonda. Vinathibitisha afya, na kwa watu wengi hiyo ndiyo sababu ya kuanza.

Magoti pia hutoa taarifa. Watafiti waliochunguza wazee wanene wenye maumivu ya goti walikadiria kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua, hivyo nafuu ya goti inaweza kuja hata kabla ya nguo kulegea. Kuhusu kukoroma, muulize mwenzi wako. Atakujibu bila kupimwa.

Shinikizo la damu lipimwe kwenye zahanati au duka la dawa lenye mashine nzuri, baada ya kukaa kimya dakika tano, bila kahawa wala sigara katika nusu saa iliyotangulia. Kiwango cha 140/90 au zaidi kikijirudia siku tofauti ni suala la daktari. Mwenye kisukari anaweza kutumia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa takribani miezi mitatu na ambacho, tofauti na kipimo cha kidole, hakipendezeshwi na kufunga kula jana usiku. Wanaotumia insulini, glibenklamidi (vidonge vya kisukari) au dawa za shinikizo la damu wamwarifu daktari wao kabla ya kuanza kupunguza chakula, kwa kuwa dozi iliyofaa mwili wa zamani inaweza kushusha sukari au shinikizo kupita kiasi.

Chupa ya mafuta jikoni

Vipimo vyote vilivyotangulia hupima matokeo, na matokeo huchelewa. Jikoni unaweza kupima chanzo, na kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya mafuta ya kupikia siku inapofunguliwa. Lita moja ya mafuta ina nishati ya zaidi ya kilokalori 8,000. Tuchukue familia ya watu watano ambayo lita 3 zilikuwa zikiisha kwa wiki mbili na sasa zinafika wiki tatu: kila mmoja amepunguza wastani wa takribani kilokalori 120 kwa siku, bila kupima chakula sahanini na bila kubishana na yeyote mezani. Kwenye hesabu hiyo ondoa mafuta yaliyomwagwa baada ya kukaanga na yale yaliyopikia wageni.

Sukari ifuatiliwe vivyo hivyo kwa tarehe ya kufungua kila kilo. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 hadi 5, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 ni gramu 50. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja amekaribia mpaka huo kabla hajagusa soda wala andazi. Mbali na hayo, andika idadi ya siku ulizotembea katika wiki. Hayo matatu, yaani mafuta, sukari na siku za kutembea, yakibadilika na kudumu, kiuno hakina budi kufuata, ila kwa wakati wake.

Maneno ya watu

Katika jamii yetu kunenepa bado kunasifiwa na kukonda kunatiliwa shaka. Anayepungua ataulizwa kama anaumwa, kama ndoa ina matatizo au kama kazi imeisha, na shangazi atakayemwona baada ya miezi sita atamsogezea sahani ya pili kwa huruma ya kweli. Tena watu hutazama uso na shingo, sehemu ambazo kwa wengi hupungua mapema, ilhali tumbo lililofichwa na nguo hawalioni. Kwa sababu hiyo maoni ya watu hayaingii kwenye daftari, ya sifa wala ya masikitiko. Jibu fupi la heshima linatosha: "Alhamdulillahi, mzima kabisa, nimepunguza mafuta tu," au lolote linalofanana na hilo kwa desturi ya kwenu, kisha mazungumzo yahamie kwenye jambo jingine.

Kulisoma daftari

Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila ingizo liwe na tarehe, kiuno, sehemu nyingine ulizochagua, daraja la nguo, dakika za matembezi, na nafasi ya kuandika jambo lolote lisilo la kawaida: homa, safari, msiba, hedhi, dawa mpya. Badiliko la sentimita 1 lisikufurahishe wala kukuhuzunisha, kwa kuwa mkono wa anayepima unaweza kukosea kiasi hicho. Anza kuamini pale vipimo vitatu mfululizo vinapoelekea upande mmoja, au tofauti na ile ya mwanzo inapofika sentimita 2 au 3. Kwa kasi ya kupungua inayoshauriwa na wataalamu wengi, ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, hali hiyo inaweza kuchukua mwezi au zaidi.

Vipimo vikipingana, tafuta sababu kabla ya kuchagua kile kinachokupendeza. Kiuno kikishuka lakini matembezi yakizidi kuwa magumu, huenda unakula kidogo mno au una upungufu wa damu. Nguo ikilegea makalioni na kiuno kikibaki palepale, endelea, kwani mafuta hayaondoki kila mahali kwa pamoja. Ikipita wiki sita hakuna kilichobadilika hata kimoja, rudi kwenye tarehe za chupa ya mafuta na sukari kabla ya kufikiria kuruka milo.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji utaratibu wake. Kufunga hupunguza maji mwilini mchana, na futari yenye sambusa, kaimati na juisi huweza kurudisha zaidi ya kilichopungua, hivyo vipimo vya ndani ya mwezi huo hupotosha. Pima katika wiki ya mwisho ya Shaabani, kisha upime tena wiki mbili baada ya Idi. Wanaosafiri kwenda kijijini mwezi Desemba wafanye vivyo hivyo kabla ya safari na baada ya kurejea.

Wasiopaswa kuiacha mizani, na dalili za kuwahi hospitali

Mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi vizuri, mgonjwa wa figo, mjamzito na mtoto wanahitaji mizani kwa sababu za kitabibu, na wafuate maelekezo ya kliniki bila kujali yaliyoandikwa hapa. Kwa mgonjwa wa moyo, kupanda kwa kilo mbili ndani ya siku tatu kunaweza kumaanisha maji yanajaa mwilini. Kwa upande mwingine, yule ambaye kujipima kwa namna yoyote kunamfanya ajinyime chakula, ajitapishe au akose usingizi aiweke kando futikamba pia na azungumze na mtaalamu wa afya.

Nguo zikilegea bila wewe kubadilisha chakula wala mazoezi, usishukuru. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho jingi la usiku pamoja na kupungua mwili vinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara vinahitaji kipimo cha sukari. Kiuno kikiongezeka ilhali mikono na uso vinasinyaa, au miguu ikivimba na kubaki na shimo baada ya kubonyezwa kwa kidole, tumbo hilo huenda limejaa maji badala ya mafuta, na hapo nenda hospitali wiki hiyohiyo ukiwa na daftari lako, kwa sababu tarehe na namba zilizomo zitamsaidia daktari kujua hali hiyo ilianza lini.